Kibati cha Giaboksi ya Mzee Matiko

Gereji ya Phelesia,
Barabara ya Isebania,
Migori.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Baba yangu mpendwa,

Oyawore. Nakupa salamu zote za asubuhi, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa mbele ya nyumba na chai yako ya rangi, umevaa ile miwani mipya inayokufanya ufanane na karani wa mahakama. Goti linasemaje? Na Mama, presha yake imetulia? Mwambie nimepata habari kwamba anakula chumvi kwa kujificha, na kwamba aliyenipa habari ni wewe mwenyewe. Mahindi nadhani mmeshaanza kuvunja. Huku Migori sisi ni wazima, kazi ipo, na watoto wamefunga shule kwa hiyo nyumba haikaliki.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika barua ilhali simu ipo. Baba, wewe na simu tunawajua. Utasema "sawa, sawa" mara nne, utauliza kama mvua imenyesha, kisha utampa Mama. Niliyo nayo leo siwezi kumwambia mtu anayesema sawa, sawa. Tena nimeyaandika kwa Kiswahili, kama ulivyotaka kila kitu cha gereji yako kiandikwe kule Rongo, ili Mjaluo, Mkisii na Mkuria wote wasome na asiwepo wa kusema alifichwa neno.

Jambo moja kabla sijaendelea. Ndani ya bahasha hii kuna kitu kidogo nilichokifunga kwa kitambaa na kukishona kwa uzi. Nakuomba kwa heshima zote usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Bravin, mwenzangu wa kuchomelea vyuma anayekuletea mzigo huu, nimemwambia asubiri anywe chai, asikuharakishe.

Sasa habari yenyewe. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu, lori la kuvuta magari lilisimama hapa mlangoni likiwa na gari lililofunikwa turubai. Akashuka mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akaniambia anaitwa Nyarangi na ametoka Kehancha. Alikuwa amesikia kuna fundi mwanamke Migori ambaye hakatai magari ya zamani. Nikavuta turubai kidogo upande wa nyuma, nikaona kibao cheupe chenye maandishi yaliyopauka ya kuwaonya watu kwamba usukani uko kushoto. Baba, nikaliachia turubai. Sikuhitaji kuona kitu kingine. Katika maisha yangu nimeona Ford Mustang moja tu ya kijani kibichi yenye kibao kama kile, nayo ilikuwa imesimama kwenye gereji yako mwezi Agosti mwaka wa tisini na nne.

Nyarangi hakujua anaongea na nani. Akanieleza mambo yake bila kuzunguka. Baba yake, Mzee Matiko, ana miaka themanini na mitano. Gari aliliegesha bomani kwa hasira na halijatembea kwa miaka thelathini na moja, kuku wamelilalia, panya wamekula viti. Mzee anataka mambo mawili kabla hajawa mtu wa kubebwa. La kwanza, aendeshwe ndani ya gari hilo mpaka Isebania na kurudi. La pili, ajue kwa hakika kama kweli fundi mmoja wa Rongo, jina lake Oyaro, alimwibia giaboksi ya asili na kumwekea nyingine. Hivyo ndivyo alivyosema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nikamwambia mimi ni Phelesia Oyaro, na huyo fundi ni baba yangu.

Akaangalia kibao cha gereji juu ya mlango ambacho hakina jina lako kwa sababu ulinikataza nisilitie, kisha akaangalia dereva wa lori kama anayetaka kumwambia ageuze. Nikamwahi. Nikamwambia sitafungua kifuniko cha giaboksi ile baba yake akiwa Kehancha. Aje aketi hapa kwenye kiti, aone kwa macho yake, na kama kuna kuhesabu, ahesabu yeye. Nyarangi akafikiri, akasema tata yake, ndivyo anavyomwita baba, ni mgumu, lakini hilo atalipenda.

Niruhusu sasa niandike mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Nayaandika jinsi nilivyoyaona mimi nikiwa na miaka minane, kwa sababu hujawahi kunisikia nikiyasema.

Naikumbuka ile siku Mzee Matiko alipoingia Rongo na gari lile. Shughuli zilisimama sokoni. Alilinunua kwa Mmarekani wa kutafuta madini aliyekuwa anarudi kwao, na pamoja na gari alipewa karatasi iliyopigwa chapa yenye kila kitu: injini, ekseli, rangi, na giaboksi ya gia nne yenye meno yaliyokaribiana. Alikuwa anatembea na karatasi ile kwenye mfuko wa koti kama cheti cha ndoa. Gia ya pili ilikuwa inakwaruza, ringi za shaba zimekwisha, na kila mtu alikuwa amemwambia hakuna mtu wa kuifungua isipokuwa Maurice Oyaro.

Ulinieleza siku ile, nikiwa nimekaa juu ya tairi, kwamba giaboksi hizi zilitoka kiwandani zikiwa ndugu wawili. Kwa nje ni uso mmoja: chuma kilekile, kifuniko kilekile cha juu, mkia uleule. Lakini mmoja gia yake ya kwanza iko chini sana, ya kuondokea na mzigo, na ukitoka hapo unaruka pengo kubwa mpaka ya pili. Wa pili gia zake zimesogeleana, haondoki haraka, lakini akishaanza kukimbia hapumziki, na huyo ndiye aliyekuwa adimu. Ukiwa nje hujui ni yupi, ukasema, isipokuwa kwa kibati kidogo kilichobanwa chini ya bolti moja ya mkia, chenye herufi na namba zake. Na kama kibati hakipo, unaweka gia ya kwanza, unazungusha shafti ya mbele kwa mkono, unahesabu imezunguka mara ngapi mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja. Yule wa mzigo ni karibu mbili na robo tatu, akizidisha kidogo. Yule wa mbio ni mbili na theluthi. Ukanipa chaki nitie alama, ukaniacha nihesabu. Mtoto wa darasa la pili, Baba, na theluthi sikuijua. Ulikata chapati vipande vitatu ndipo nikaelewa, na chapati yenyewe nikala mimi.

Sijawahi kukuambia jinsi nilivyokuona siku zile. Nimefanya kazi na mafundi wengi sasa, wengine wana vyeti vya ng'ambo na mashine za kusoma gari kwa kompyuta, lakini sijaona mikono kama yako. Unakumbuka ule mchezo wa Jumapili, mafundi wa Rongo wakileta giaboksi wameifunika gunia, wewe unaingiza mkono chini ya gunia na kuangalia pembeni kama mtu anayewaza mambo mengine? Ulikuwa unapapasa meno ya shafti, unahesabu kimya, kisha unasema hii ni ya Peugeot ya gia nne, si ya tano, na imewahi kuzama majini. Wanafunua, ni kweli, na soda wananunua wao. Mara moja walikuwekea chini ya gunia mashine ya kusagia nyama ya Mama, ukapapasa, ukasema hii nayo ni giaboksi ya Orpah na ameitafuta tangu jana. Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye tairi. Nilikuwa naamini hakuna kitu duniani kinachoweza kujificha kwa vidole vyako.

Kisha kibati kikapotea.

Ulikuwa umeifungua giaboksi, umeiosha, umeweka ringi mpya, na kila kundi la bolti lilikuwa kwenye mkebe wake wenye karatasi: bolti za kifuniko, bolti za kengele ya kuungia injini, bolti za mkia. Siku ya kuifunga, mkebe wa mkia ulikuwa na bolti zote lakini kibati hakikuwemo. Nilikuona ukitafuta kwa siku tatu. Ulitambaa sakafuni na ile sumaku ya spika ya redio umeifunga kwenye kamba. Ulichekecha vumbi la gereji yote kwa chekeche ya unga ya Mama, naye Mama, ambaye husimamisha kanisa kwa ajili ya kijiko kimoja kilichopotea, hakusema neno. Siku ya nne Mzee Matiko akaja kuchukua gari. Akainama na tochi, akatazama mahali pa kibati, akaona bolti tupu.

Pale pale kulikuwa na fundi mmoja wa Awendo ambaye jina lake silitaji, maana bado yu hai na bado anaharibu klachi za watu. Ndiye aliyesema kwa sauti kwamba giaboksi za mbio zinatafutwa sana na madereva wa mashindano wa Nairobi, na kwamba kibati hakiwezi kupotea chenyewe. Ulimwambia Mzee Matiko akuruhusu uishushe tena mbele yake mhesabu mizunguko pamoja. Ukamwambia hata ndani ya kifuniko umeandika. Akasema mtu anayeweza kubadilisha giaboksi anashindwaje kuandika kifuniko, na kwamba hutagusa gari lake tena. Akaliwasha, akaondoka nalo, na karatasi yake mfukoni. Mpaka leo nasikia mlio ule ukipanda barabara ya Migori.

Hakukushtaki popote, na afadhali angekushtaki, kwa sababu mahakamani ungehesabu. Alisema tu, na watu wakasikia. Wateja wa Kuria wakaacha kuja, kisha wa Kisii, kisha hata wajomba zangu wakawa wanapita na magari yao bila kupiga honi. Kufikia Krismasi ulikuwa umeuza mtungi wa gesi na meza ya vyuma, tukahamia Rangwe, ukashika jembe. Ulisema hutasimama tena ndani ya gereji, na hukusimama. Gereji yangu ina miaka saba sasa. Umefika Migori mara tano, nimehesabu, na mara zote umesimama nje upande wa kinyozi, ukanisalimu kwa mbali, ukasema gari la Rangwe litakuacha.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumatano iliyopita.

Mzee Matiko aliletwa na Nyarangi saa nne asubuhi, amevaa koti lilelile, au mdogo wa koti lile. Amekonda, mkono mmoja unatetemeka, lakini jicho bado ni la mtu wa kupima ng'ombe. Tulimwekea kiti karibu na meza. Giaboksi nilikuwa nimeishusha mbele ya Nyarangi, nikaiosha kwa nje tu, na kifuniko sikukigusa. Rangi uliyoipaka kwenye vichwa vya bolti ilikuwa bado haijapasuka. Mzee akaiangalia muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ni ile katoto ilikuwa inakaa kwa tairi." Nikasema ndiyo, Mzee, ni mimi.

Nikaweka gia ya kwanza. Nikatia alama ya chaki shafti ya mbele, nyingine ya nyuma, jinsi ulivyonifundisha. Nikamwambia kama giaboksi iliyomo ni ya mzigo, itazidi mbili na robo tatu, na mimi mwenyewe nitamwandikia barua ya kukubali kwamba baba yangu ni mwizi, nitie sahihi. Kama ni mbili na theluthi, basi ni ile iliyo kwenye karatasi yake. Nilitaka kuizungusha mimi, akakataa. Akaomba ainuliwe. Nyarangi akamshika kiuno, naye akashika shafti kwa mkono ule mzima, akaanza kuzungusha, polepole, huku anahesabu kwa Kikuria.

Bravin alizima mashine yake ya kuchomelea, na dereva wa lori aliyekuja kunywa maji akabaki na kikombe mkononi. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, na chaki ya nyuma ikawa imebakiza kipande kidogo kufika juu. Mzee akaendelea, taratibu kabisa, robo ikapita, mkono wake ukasogea kidogo tena, na chaki ya nyuma ikafika mahali pake. Akaiacha shafti. Nyarangi akasema labda tata amekosea, arudie. Akarudia. Alirudia mara tatu, Baba, na mara zote tatu ikasimama palepale pa chapati yako.

Ndipo nikafungua kifuniko, nikakigeuza, nikampa. Kwa ndani kulikuwa na oili ya zamani iliyokauka. Aliifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, hakungoja nimpe chetu, na maandishi yako yakatokea, yale yale ya kukwaruzwa kwa chuma, yamelala upande kama mtu anayekimbia: "Mbili na theluthi. M.O. Agosti 94." Akayasoma kwa sauti. Akakaa. Akasema yamekaa ndani ya boma lake miaka thelathini na moja, na kuku wakiwa juu yake.

Mimi nililia, sikuona aibu, nililia mbele ya wateja wawili na yule dereva wa lori. Ningependa kukuambia nililia kwa furaha peke yake. Nilijivunia wewe kiasi kwamba nilitaka kutoka barabarani nisimamishe watu. Maana hukujua kwamba kibati kitapotea ulipoandika maneno yale. Ulikuwa unafanya hivyo kwa kila giaboksi, mahali ambapo hakuna mtu angeona, kwa sababu tu kazi yako ilikuwa imekamilika na ulitaka ijulikane imekamilikaje. Nami nafanya hivyo hivyo. Kuna magari mengi sana yanayopita hapa Migori na Homa Bay yakiwa na P.O. chini ya kifuniko, na wenyewe hawajui.

Lakini Mzee Matiko alipotulia, aliuliza swali. Alisema sasa amejua Oyaro hakuiba, na atakuja Rangwe kukuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe hata kama ni kwa kubebwa. Ila kitu kimoja bado kinamsumbua. Kibati kilienda wapi?

Nami, Baba, niligeuka upande. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Yafuatayo nimeshindwa kukuambia tangu nikiwa na miaka minane. Ile Julai, wiki chache kabla ya Mustang kuja, Mjomba Orina alinipeleka soko la mifugo la Ogwedhi. Niliona madume makubwa yamevishwa hereni za chuma masikioni, zenye namba, na Mjomba akaniambia ng'ombe mwenye hereni ni ng'ombe wa maana, ameandikwa. Niliporudi nikafinyanga dume langu kwa udongo wa kijito kile cha nyuma ya gereji. Lilikuwa zuri, na nundu yake. Mustang ilipokuwa tayari gerejini, watoto wa jirani wakalicheka, wakasema halijaandikwa, halina hereni, halina thamani ya kuuzwa kwenye soko letu la mchezo. Siku hiyo hiyo ulikuwa umenipa kazi ya kuosha bolti kwa mafuta ya taa. Kwenye mkebe wa mkia nikakuta kibati. Kilipotoka uchafu kiling'aa, kina tundu tayari, kina herufi na namba. Baba, kwa macho yangu ile ilikuwa hereni ya ng'ombe. Sikujua kwamba ndicho kile kibati ulichoniambia habari zake, kwa sababu nilikuwa sijakiona, nilikuwa nimesikia tu. Nikakitia uzi, nikakifunga kwenye sikio la dume langu, na jioni ile nikaliuza mara mbili.

Ulipoanza kutafuta ndipo nikaelewa. Ningeweza kukuletea siku ya kwanza, ungenichapa kofi moja la tako na mambo yangekwisha. Lakini nilikuona ukitambaa na sumaku, nikaogopa. Siku ya pili nikaogopa zaidi kwa sababu ya siku ya kwanza. Siku ya tatu uliniita, ukainama ukawa sawa na mimi, ukaniuliza, "Phelesia, nyathina, mwanangu, umeona kibati?" Nikasema sijaona.

Na siku ya nne, mbele ya Mzee Matiko na yule wa Awendo na watu wote, ulisema aliyegusa mkebe ule mwisho ni binti yako, umemuuliza, amesema hakukiona, na binti yako hasemi uongo. Hukuwaacha hata waniite. Nilikuwa nyuma ya mlango na dume langu mkononi. Mzee Matiko akajibu basi kama mtoto hasemi uongo, mwongo ni mmoja aliyebaki.

Maneno hayo nimelala nayo tangu siku ile. Lile dume lilivunjika tulipohama. Kibati nikakishona kwenye pindo la sare yangu, kisha kwenye begi la chuo, kisha kikakaa chini kabisa ya sanduku langu la spana. Watu husema nilifuata ufundi kwa sababu ya kukupenda. Ni kweli, lakini si yote. Nilikuwa nimekufungia gereji, na sikujua njia nyingine ya kuifungua. Kila mara uliposimama kule kwa kinyozi nilikuwa na kibati hatua kumi kutoka kwako, na kila mara nilikuuliza habari za goti.

Alhamisi niliazima pikipiki nikaenda mpaka Kehancha. Sikuweza kuvumilia mzee wa miaka themanini na mitano abebe peke yake mzigo ambao nusu yake ni wangu. Nilimpa kibati mkononi, nikamweleza habari ya dume la udongo kama nilivyokueleza wewe. Alikigeuzageuza, akatoa karatasi yake ya Mmarekani, akalinganisha herufi moja moja kwa kidole. Zote zilikubaliana. Kisha akaniuliza siku ile nilikuwa na umri gani. Nikasema miaka minane. Akasema yeye alikuwa na hamsini na minne, na hakuna aliyemkataza kuhesabu.

Nilidhani atakihifadhi. Akakataa. Alisema kibati kile kilitoka mikononi mwa Oyaro na kitarudi kwa Oyaro, na kwamba hataketi ndani ya gari lile, si kwenda Isebania wala popote, mpaka fundi aliyelianza alimalize. Ameshikilia hapo, na Nyarangi amenipigia simu jana baada ya Sabato kusema hajabadilika.

Kwa hiyo, Baba, sasa unaweza kukata uzi. Ingawa nakujua. Vidole vyako vimekuwa juu ya kitambaa kile tangu mstari wa kwanza, na huenda umejua kilicho ndani kabla sijataja jina la Matiko. Kama ndivyo, na umesoma mpaka hapa bila kuirusha barua kwa mbuzi, nakushukuru.

Siombi useme si kitu. Ni kitu. Nilikuchukulia miaka yako ya kazi, nikakuacha uamini mtoto aliyekudanganya usoni. Nakuomba radhi, nikiwa nimepiga magoti ingawa huwezi kuniona. Ukiwa na hasira, njoo nayo, nitaipokea. Ukitaka kukaa nayo kwanza hapo Rangwe, nitangoja.

Giaboksi iko juu ya meza yangu, imefungwa, oili mpya. Bolti zote za mkia nimezikaza isipokuwa moja. Ile iko kwenye mkebe peke yake, na karatasi yake nimeiandika kwa Kiswahili.

Msalimie Mama sana, mwambie hayo ya chumvi yalikuwa utani. Yaliyo katika barua hii umweleze mwenyewe kwa njia utakayoona, au unisubiri nimweleze mimi. Wajukuu wako wanakusalimu, na Bravin anayekunywea chai hapo nje ni mtu mzuri, mpe na ndizi. Mungu awalinde na awape usingizi mwema.

Ni mimi binti yako,
Phelesia Oyaro.

Nilikuwa nimesahau: ile bolti ni ya inchi, haishiki spana zangu za milimita. Spana za inchi nilizotumia niliazima Awendo, na nimesharudisha. Lakini Mama aliwahi kuniambia kwamba kuna gunia la spana zako chini ya kitanda chenu, na kwamba kila Desemba unalifungua ukidhani amelala, unazipaka grisi moja moja, unazirudisha. Njoo nazo.